Tusiusahau Uhuru wa Angani

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipoadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa la Waitalia baharini, karibu na Malindi. Setilaiti ya Wamarekani iliyobebwa ilipewa jina Uhuru kwa heshima ya siku hiyo.

Ndiyo ya kwanza kuipekua mbingu yote kwa eksirei. Ilibaini vyanzo 339, kimojawapo Cygnus X-1, shimo jeusi linalojulikana kwa mng'ao wa gesi linayoimeza.

Mwaka 2024, darubini ya Wajerumani, eROSITA, ilitoa orodha ya vyanzo takriban 900,000. Humo wataalamu wangali wakisaka mashimo yasiyo ya kawaida.

Je, tumewafunza watoto wetu kwamba msako huo ulianzia pwani yetu? Mwacha asili ni mtumwa.