Mashine, Lugha na Mwalimu wa Hisabati: Suala la Mafunzo ya Ualimu Mjini Kindu

1. Utangulizi

Kindu, makao makuu ya jimbo la Maniema katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni mji wa Mto Lualaba na wa reli. Kiswahili kina mizizi mirefu katika jimbo hilo. Katika karne ya 19 wafanyabiashara waliotoka pwani, miongoni mwao Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, waliweka makao Nyangwe na Kasongo, na lugha waliyokuja nayo ikawa lugha ya mawasiliano ya wenyeji. Hata hivyo, hisabati ya shule za sekondari hufundishwa kwa Kifaransa. Makala haya yanaeleza jinsi hali hiyo inavyohusiana na mafunzo ya walimu wa hisabati katika matumizi ya kompyuta, simu na vikokotoo. Hoja ya msingi ni kwamba mashine huonyesha tu; anayefafanua ni mwalimu, na ufafanuzi ni kazi ya lugha.

2. Mabadiliko ya mtaala

Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 ilizipa lugha za taifa, Kiswahili kikiwamo, nafasi ya kuwa lugha za kufundishia na pia masomo ya kufundishwa. Mwaka 2015 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi wa kuinua ubora wa elimu ya sekondari na ya chuo kikuu nchini humo. Kuanzia mwaka wa masomo 2018-2019, mtaala mpya wa darasa la saba uliweka hisabati, sayansi na teknolojia ya habari na mawasiliano katika uwanja mmoja wa masomo. Kwa hiyo teknolojia si pambo tena kwa mwalimu wa hisabati. Ni sehemu ya wajibu wake. Wajibu huo unazigusa moja kwa moja taasisi zinazoandaa walimu, kama vile Taasisi ya Juu ya Ualimu (ISP) ya Kindu.

3. Maarifa anayohitaji mwalimu

Mwaka 1986 Lee Shulman alieleza kwamba kulijua somo ni jambo moja, na kujua namna ya kulifanya lieleweke ni jambo jingine. Mwaka 2006 Punya Mishra na Matthew Koehler waliongeza maarifa ya teknolojia, wakasisitiza kwamba aina hizo tatu za maarifa hazina budi kuungana. Mwalimu aliyefundishwa kuwasha kompyuta na kuandika barua tu bado hajaandaliwa kufundisha hisabati kwa kompyuta. Mifano miwili itafafanua jambo hili.

Mfano wa kwanza ni wa sokoni. Mtu ananunua sabuni ya faranga 200 na ndizi 3 za faranga 100 kila moja. Mwanafunzi akibonyeza 200 + 3 × 100 katika kikokotoo cha kawaida, atapata 20300, kwa kuwa mashine hiyo hufuata mpangilio wa kubonyeza. Simu nyingi zitampa 500. Darasa lenye mashine za aina zote mbili litagawanyika. Mwalimu asiyejua sababu atasema kikokotoo kimeharibika, anayeijua atauliza, "Ndizi zinalipiwa vipi?" na kutoka hapo atafundisha kanuni ya kuzidisha kabla ya kujumlisha.

Mfano wa pili unahusu GeoGebra, programu iliyoanzishwa na Markus Hohenwarter huko Salzburg mwaka 2001. Ikishawekwa katika kompyuta, hufanya kazi bila intaneti. Mwanafunzi aliyefunzwa kwa utaratibu wa Kifaransa hutumia mkato kwa desimali, na nukta mkato kutenganisha namba mbili zinazoonyesha mahali pa nukta: (2;3). GeoGebra haimkatalii, ila inamwelewa vingine: inaweka nukta iliyo umbali wa 2 kutoka kwenye asili, kwa pembe ya radiani 3. Nukta huangukia upande wa kushoto wa asili, ilhali mwanafunzi aliitarajia kulia. Alitakiwa kuandika (2,3). Kosa hilo halitokani na udhaifu wake katika hisabati, bali na kukutana kwa desturi mbili za maandishi. Mwalimu asipotahadharishwa mapema, mwanafunzi mwema ataambiwa hajui.

4. Nafasi ya Kiswahili

Istilahi si tatizo lisilo na njia. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na Desemba 2004 mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Lakini Kiswahili cha Kongo huchota istilahi nyingi za kitaalamu katika Kifaransa. Kwa hiyo orodha ya maneno kutoka Dar es Salaam haiwezi kuhamishwa Kindu ilivyo. Lililo muhimu ni mwalimu kujizoeza kueleza. Anapobadilisha thamani ya a katika y = ax + b, na mstari ukainama mbele ya darasa, neno mteremko linaeleweka kwa yeyote aliyewahi kushuka ukingo wa Lualaba. Swali "mstari unapanda au unashuka?" hutangulia, istilahi ya Kifaransa, ambayo mtihani utaidai, hufuata.

5. Hitimisho

Pale ambapo umeme hautegemeki na kompyuta ni moja kwa darasa zima, mafunzo yafaayo ni yale yanayomzoeza mwalimu mambo matatu: kuwataka wanafunzi wakadirie jibu kabla ya kubonyeza, kueleza tofauti kati ya jibu la mashine na makadirio yao, na kufanya hayo kwa lugha wanayoifikiria pamoja na ile watakayotahiniwa. Bila hayo, mwanafunzi wa Kindu atauona mstari ukicheza kwenye kioo, kisha atarudi nyumbani bila kujua kwa nini.