Majina Bila Upatanisho: Lugha ya Mchezo wa Kutafuta Vitu Vilivyofichwa

Makusudio ya makala hii ni kuchungua kwa ufupi lugha itumikayo katika namna moja ya mchezo wa kompyuta, yaani mchezo wa kutafuta vitu vilivyofichwa, na hasa ile iliyojengwa juu ya visa vya kutisha. Huenda msomaji akastaajabu kuona jambo la mchezo likiletwa mbele ya wataalamu wa lugha. Walakini mchezo huu, ukiondolewa picha na sauti zake, hubaki orodha ya majina. Na orodha ya majina humhusu mwanaisimu kama imhusuvyo mtunga kamusi.

Yafaa kwanza tueleze asili yake. Mwaka 1987 Martin Handford alitoa kitabu *Where's Wally?* huko Uingereza, ambamo msomaji humtafuta mtu mmoja katika umati wa watu. Mwaka 1992 kilitokea Marekani kitabu cha kwanza cha *I Spy*, maneno yake yakitungwa na Jean Marzollo na picha zikipigwa na Walter Wick. Kutokana na vitabu hivi ulitengenezwa mchezo wa kompyuta uitwao *I Spy Spooky Mansion*, uliotolewa mwaka 1999, ambao humtia mchezaji katika jumba lenye vizuka. Mwaka 2006 kampuni ya Big Fish Games, ya mji wa Seattle, ilitoa *Mystery Case Files: Ravenhearst*. Humo mchezaji ni mpelelezi aingiaye katika jumba bovu huko mashambani Uingereza, akikusanya kurasa zilizopotea za shajara ya mwanamke aitwaye Emma Ravenhearst.

Michezo ya namna hii hupendwa hasa wakati wa Halloween, usiku wa tarehe 31 Oktoba, mkesha wa sikukuu ya Watakatifu Wote. Jina lenyewe ni mkato wa maneno ya Kiingereza yenye maana hiyo hiyo ya mkesha. Desturi zake zilipelekwa Marekani katika karne ya 19, hasa na wahamiaji kutoka Ireland na Scotland.

Mchezo huendeshwa hivi. Katika skrini huonekana chumba kilichojaa vitu ovyo ovyo, na chini yake huandikwa majina kumi au zaidi. Mchezaji hutafuta kila kitu kilichotajwa na kukibofya. Katika michezo mingi ya namna hii, abofyaye ovyo huadhibiwa kwa kupunguziwa muda au kuzuiwa kwa kitambo. Tukilinganisha na kitendawili chetu, tutaona kwamba mambo yamepinduliwa. Katika kitendawili, jina ndilo lifichwalo. Yai huelezwa kuwa ni nyumba isiyo na mlango, na msikilizaji hutakiwa alitaje. Katika mchezo huu jina hutolewa wazi, na kitu ndicho kifichwacho.

Basi watungaji wa Kiingereza wameona kwamba jina nalo laweza kutumiwa kuficha. Kuna neno moja la Kiingereza litajalo popo, na pia gongo la kupigia mpira. Liko jingine litajalo ukucha, na pia msumari. Mchezaji hutafuta popo darini, kumbe gongo limeegemezwa ukutani. Lakini mfasiri aandikaye Kiswahili hawezi kuuhamisha mtego huo: lazima aandike ama popo ama gongo. Na kwa kuwa mara nyingi mfasiri hupewa orodha ya maneno matupu bila picha zake, huchagua kwa kubahatisha. Akikosea, mchezaji hutafuta kitu kisichokuwapo, naye ndiye aadhibiwaye kwa kosa la lugha.

Kiswahili nacho kina mitego yake. Tutazame majina haya:

(1) ndege: mnyama arukaye, chombo cha kusafiria angani
(2) mbuzi: mnyama, kifaa cha kukunia nazi
(3) taa: samaki, chombo cha kutolea mwanga
(4) paa: mnyama wa porini, sehemu ya juu ya nyumba
(5) kaa: mnyama wa pwani, kipande cha moto

Katika mazungumzo maneno haya hayamtatizi mtu. Asemaye "mbuzi amevunjika" na asemaye "mbuzi imevunjika" wametaja vitu viwili mbalimbali, na kiambishi cha kitenzi chatosha kuvitenga. Maana tuliyodhani imo katika jina, kwa kweli yakamilishwa na upatanisho. Orodha ya mchezo huuondoa upatanisho huo. Tena huondoa idadi, kwa maana majina kama pete, taa na nyundo hayabadiliki katika wingi. Aonaye "pete" peke yake hajui kama ni moja au ni nne.

Dawa yake ni rahisi, nayo imo katika lugha yenyewe. Idadi iandikwe kwa maneno, si kwa tarakimu. "Mbuzi 1" haimwelezi mchezaji chochote kuhusu maana, bali "mbuzi mmoja" ni mnyama na "mbuzi moja" ni kifaa cha nazi. Kadhalika "taa wawili" ni samaki na "taa mbili" ni za mwanga. Njia hii ina mipaka. Kwanza, sita, saba, tisa na kumi hazipatani na jina. Pili, yako majina ambayo maana zake zote mbili zimo katika ngeli moja: mshale wa upinde na mshale wa saa yote miwili ni "mshale mmoja", na hapo hapana budi kuongeza neno. Ikiwa mtungaji ataka kutega kwa makusudi, basi aandike jina tupu, lakini ajue kwamba anatega.

Jambo la mwisho lahusu visa vya kutisha vyenyewe. Katika jumba la vizuka swali kubwa ni hili: kipi kina uhai na kipi hakina? Kiswahili hulazimika kulijibu swali hilo katika kila kitenzi, na majibu yake ni ya ajabu. Mwanasesere hana uhai, lakini twasema "mwanasesere ameanguka", kama vile tunamtaja mtu. Mzimu hutenda na hutisha, hata hivyo twasema "mzimu umetokea", kama tusemavyo mti umeanguka. Mfasiri akiandika "aliyejificha nyuma ya pazia", amekwisha kufunua nusu ya siri. Akiandika "kilichojificha", huenda amemdanganya mchezaji. Hata neno kizuka lina mambo yake, maana mbali na kiumbe cha kutisha humtaja pia mjane akaaye ndani kwa eda. Kwa kisa cha mwanamke aliyefungiwa nyumbani, kama kile cha Emma, neno hilo laleta maana ambayo mtungaji wa Kiingereza hakuikusudia, na mfasiri yampasa aamue kama ataikubali.

Kwa hiyo orodha za michezo hii zisifasiriwe neno kwa neno. Mfasiri apewe picha, aruhusiwe kubadili jina au kitu, naye aitegemee mitego ya Kiswahili badala ya kuburuta ile ya Kiingereza. Jambo hili ni zito zaidi pale mchezo unapotumiwa kuwafundishia watoto au wageni majina ya vitu vya nyumbani. Watunga kamusi walikwisha kuitambua haja hii: *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* ya mwaka 1981 hutia alama ya upatanisho mbele ya jina, ili mbuzi wa zizini asichanganywe na mbuzi ya jikoni. Atungaye orodha ya mchezo hatumii alama hizo, lakini akiandika "mmoja" au "moja" kwa herufi atakuwa amefanya kazi ile ile.