Kiharusi cha Vijana Kisisingiziwe Mapepo

Mwaka juzi mwanamke mmoja, mwenyeji wa Ukerewe, ambaye umri wake haujatimia miaka 30, aliletwa hapa Butimba kukaa kwa shangazi yake, jirani yetu. Alikuwa ameolewa, akaharibikiwa na mimba tatu mfululizo. Zahanati moja ilimpima damu akaambiwa ana kaswende. Mumewe alipopimwa hakuonekana nayo. Ndoa ikavunjika kwa maneno ambayo hayafai kuchapwa gazetini. Baadaye yakaja maumivu ya kichwa ya upande mmoja, kisha kusahausahau, hata akawa anabandika chungu motoni asikumbuke alitaka kupika nini. Siku alipoanguka akitetemeka mwili mzima, ndugu zake walisema ni mapepo, wakaita mganga. Asubuhi moja aliamka mkono wa kuume hauinuki na ulimi ni mzito. Hata hapo zilipita siku mbili kabla hajapakiwa melini pale Nansio.

Katika hospitali kubwa aliulizwa swali ambalo hapo awali hapana aliyemwuliza kwa makini: mimba ngapi zimeharibika, na zilikuwa za miezi mingapi? Akapimwa damu, na baada ya wiki 12 akapimwa tena. Maradhi yalikuwa moja tu, toka mimba ya kwanza mpaka ule mkono.

Waganga wanayaita maradhi ya antifosfolipidi. Mwili wa binadamu una askari wake, yaani kingamwili, ambao kazi yao ni kupambana na vijidudu. Katika maradhi haya baadhi ya askari hao hukosea adui, wakayashambulia mafuta yaitwayo fosfolipidi pamoja na protini zilizoshikamana nayo, vitu ambavyo ni mali ya mwili wenyewe. Matokeo yake ni kwamba damu huganda ndani ya mishipa pasipo jeraha lolote. Ikiganda mguuni, mguu huvimba na kuuma. Bonge hilo likisafiri hadi mapafuni, laweza kuua. Ikiganda katika kondo la nyuma, mtoto hukosa chakula na hewa. Na ubongo ndio unaoumia kuliko viungo vingi, kwa kuwa hauvumilii kukosa damu hata kwa dakika chache. Hapo ndipo huja kiharusi, au kile kiharusi kidogo ambacho mtu hupotewa na usemi au nguvu za mkono kwa muda mfupi kisha akarudia hali yake, na watu wakapuuza. Wengine hupata kifafa ukubwani, wengine kipandauso kisichokoma, wengine viungo hujichezea vyenyewe bila kuamriwa, na wengine akili hupungua kidogokidogo hata jamaa wakadhani ni uvivu.

Aliyeyakusanya mambo haya yote pamoja ni tabibu wa London, Graham Hughes, mwaka 1983. Yafaa ikumbukwe kwamba macho yake yalifunguka kwa sehemu kubwa nje ya Ulaya: mwaka 1975 alifanya kazi Kingston, Jamaika, akichunguza watu waliopooza miguu kwa sababu isiyoeleweka. Na kipimo cha damu kilichowezesha maradhi haya kutambuliwa kilitengenezwa pamoja na Nigel Harris, mwana wa Guyana. Nasema hivi kwa sababu wapo wasomi wetu wanaodhani kwamba elimu ya maradhi haya ni anasa ya nchi tajiri.

Sasa nirudi kwenye kaswende, maana hapo ndipo heshima za watu zinapovunjwa. Kipimo cha zamani cha kaswende, kile cha VDRL na ndugu yake RPR, hakimtafuti mdudu wa kaswende mwenyewe. Hutumia mafuta yaitwayo kadiolipini, ambayo asili yake yalitolewa katika moyo wa ng'ombe, na kutazama kama damu ya mtu itayashambulia. Kadiolipini hiyo ni mojawapo ya fosfolipidi. Kwa hiyo mwenye maradhi ninayoyaeleza aweza kuonekana ana kaswende ilhali maishani mwake hajapata kuugua ugonjwa huo. Dawa ya tatizo hili inajulikana: kipimo cha pili, kinachotafuta kingamwili za kupambana na mdudu huyo hasa. Vipimo vya haraka vya namna hiyo vimekwisha kufika katika kliniki nyingi za wajawazito. Walakini nisieleweke vibaya. Kaswende ipo, nayo huua watoto tumboni. Utafiti uliofanyika katika mkoa wetu huu wa Mwanza na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha jinsi sindano moja tu ya penisilini inavyowaokoa. Mama aliyeambiwa anayo na atibiwe siku hiyohiyo. Ninachokataa ni mume kufungasha virago vya mkewe kwa ushahidi wa kipimo kimoja.

Kuhusu mapepo nitasema kidogo, kwani nami nimekaa chuoni utotoni na najua thamani ya dua. Dua haijapata kumzuia mtu kupanda meli. Anayemsomea mgonjwa na amsomee njiani.

Alhasili, maradhi haya hayaponi kabisa, lakini yanazuilika yasilete madhara. Aliyepata kiharusi kwa sababu hii aghalabu hupewa warfarini, dawa ya kuizuia damu isigande ovyo, naye huinywa kwa miaka mingi, pengine maisha yote. Mjamzito hapewi warfarini, kwa kuwa humdhuru mtoto. Hupewa sindano za heparini na aspirini kidogo, na kwa tiba hiyo mimba zaidi ya 7 katika kila 10 huleta mtoto hai. Vipo vidonge vipya, kama rivaroksabani, visivyohitaji kupima damu mara kwa mara, lakini utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2018 ulisimamishwa kabla ya wakati, kwa sababu wagonjwa wa aina kali waliovitumia walipata viharusi zaidi kuliko wale wa warfarini. Basi warfarini ingali ndiyo tegemeo.

Na warfarini ni dawa yenye masharti. Ikizidi, mtu hutokwa damu; ikipungua, damu huganda. Kipimo chake, INR, kwa wengi hutakiwa kiwe kati ya 2 na 3. Mchicha, kisamvu na matembele huipunguza nguvu endapo mtu atavila leo kwa wingi na kesho asivile kabisa. Havikatazwi, bali viliwe kwa kadiri ileile. Dawa za kifua kikuu huidhoofisha, na zile za maumivu zinazonunuliwa dukani huongeza hatari ya kutoka damu. Kwa hiyo mgonjwa hana budi kupimwa mara kwa mara.

Hapa ndipo ninapowageukia ndugu zangu watumishi wa serikali. Mgonjwa wa Butimba hupanda daladala akapimwa na kurudi kabla ya adhuhuri. Mgonjwa wa Ukara huvuka kwanza kwenda Ukerewe, kisha avuke tena kuja Mwanza, alale kwa watu, alipe nauli na chakula, na ziwa likichafuka akae siku tatu. Kuna mashine ndogo ya mkononi inayotoa jibu la INR kwa tone moja la damu ya kidole. Mashine hiyo pamoja na vijikaratasi vyake ikiwekwa Nansio, na muuguzi mmoja akafundishwa kuitumia, safari nyingi zitakoma. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Wanaopanga huduma zake wakitazame kipimo hiki pia. Tena fomu za wajawazito zina nafasi ya kuandika mimba zilizoharibika. Muuguzi akiandika tatu, asifunge kitabu hapo. Aulize habari za kichwa, kifafa na mguu uliovimba.

Wazee wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo watu wapatao milioni mbili walikaa vikundi vikundi kuzunguka redio wakijifunza malaria na vyoo. Kiharusi hakikuwamo katika vitabu vile. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta kwamba Dar es Salaam kila mwaka watu karibu 316 katika kila 100,000 walipata kiharusi, na Hai karibu 108. Wengi wao sababu yao ni shinikizo la damu, wala si maradhi haya ninayoyaeleza. Lakini kijana asiye na shinikizo naye akapooza, huyo hatuna ruhusa ya kumwambia ni bahati mbaya.

Yule jirani yetu sasa anatembea, na mkono umerudi kiasi cha kuweza kusuka mkeka, ingawa majina ya watu bado humponyoka. Kila mwezi hupimwa damu, naye ana daftari dogo la kuandikia majibu. Ameshauriwa arudi kwao Ukerewe, ambako ana shamba la mihogo. Anataka kurudi. Amemwuliza shangazi yake ni nani atakayempima huko.