Wiki Moja Dar es Salaam na Begi Mgongoni: Mwongozo kwa Msafiri wa Akiba Ndogo

Mpunga ukishavunwa na kuuzwa, kijana wa Didia anaweza kubaki na akiba kidogo na hamu kubwa ya kuliona jiji ambalo amelisikia redioni tangu utotoni. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022, Mkoa wa Dar es Salaam una wakazi zaidi ya milioni tano. Katika umati huo, msafiri mwenye begi moja mgongoni hutambulika upesi, nao wanaotaka kufaidi ugeni wake humtambua mapema zaidi.

Anayesafiri na fedha nyingi akitapeliwa hukasirika. Anayesafiri na akiba ya msimu mmoja akitapeliwa safari yake huishia hapo. Kwa hiyo, makala hii inamfuata msafiri huyo kwa siku saba na kueleza, kila anapotoa fedha, aulize nini kabla ya kulipa na abaki na nini mkononi baada ya kulipa.

Tiketi na mzigo

Kutoka Shinyanga hadi Dar es Salaam ni safari inayokaribia kilomita 1,000. Mwezi Desemba 2023, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) ilitangaza ukomo wa nauli za mabasi ya mikoani: shilingi 48.47 kwa kilomita kwa daraja la kawaida na shilingi 67.84 kwa daraja la kati. Kwa kilomita 1,000 hiyo ni shilingi 48,470 au shilingi 67,840. Viwango hubadilika, hivyo ulizia vinavyotumika siku unayosafiri. Njia ya kukokotoa haibadilika: zidisha umbali kwa kiwango cha daraja la basi lako, kisha linganisha na kiasi unachotajiwa.

Msafiri anayesubiri basi kando ya barabara hapo Didia yumo katika hatari ya kutoa nauli mkononi bila kupewa tiketi. Dai tiketi ya kielektroniki kabla basi halijaondoka. Hakikisha ina jina lako, namba ya gari, tarehe, unakotoka, unakokwenda na kiasi halisi ulicholipa. Tiketi iliyoandikwa pungufu ya ulicholipa hupunguza pia kiasi unachoweza kudai iwapo basi litaharibika njiani. Begi likiwekwa kwenye buti, omba kipande chenye namba ya mzigo. Fedha, simu na kitambulisho vibaki mwilini mwako.

Kufika na kulala

Mabasi mengi ya mikoani hufikia Kituo cha Magufuli, Mbezi, kilichozinduliwa mwaka 2021. Utakapoteremka utapokewa na sauti nyingi: mpigadebe, dereva wa bodaboda, na mtu atakayekuambia kuwa gesti uliyoitaja imejaa. Hulazimiki kumjibu yeyote. Kaa kwanza, kunywa maji, mpigie simu mwenyeji wako, kisha ndipo uchague usafiri. Ukipanda bodaboda au teksi, patana bei kabla ya kupanda. Kwa teksi ya mtandaoni, linganisha namba ya gari na ile inayoonekana kwenye simu.

Katika nyumba ya wageni, omba kuonyeshwa chumba kabla ya kulipa. Jaribu kitasa, bomba na feni. Uliza muda wa kuondoka na kama bei imejumuisha kifungua kinywa. Lipa usiku mmoja kwanza. Ukiridhika, ongeza siku. Anayelipa siku saba mara moja ndiye huvumilia kunguni kwa siku saba.

Siku za kutembea

Sehemu kubwa ya uzuri wa jiji hili haina kiingilio. Kwa siku moja unaweza kutembea kwa miguu kutoka Sanamu ya Askari, iliyosimikwa mwaka 1927, hadi Kanisa la Azania Front, kisha Kivukoni kutazama mnada wa samaki soko la Feri. Pantoni ya Kigamboni ni safari fupi ya nauli ndogo, lakini humpa mtu wa bara mandhari ya bandari ambayo hataisahau. Coco Beach nako hulipii kuitazama bahari.

Penye kiingilio, kitambulisho chako kina thamani ya fedha. Kwenye Makumbusho ya Taifa, Barabara ya Shaaban Robert, na Kijiji cha Makumbusho kule Kijitonyama, chenye nyumba za asili za makabila mbalimbali, Mtanzania hutozwa kidogo kuliko mgeni kutoka nje. Beba kitambulisho, soma ubao wa viingilio, na upokee risiti. Ukipanda boti kwenda kisiwani Bongoyo, hakikisha umevaa jaketi la kuokolea maisha kabla boti haijang'oa nanga.

Ndani ya jiji, mabasi ya mwendokasi yalianza kazi mwaka 2016 kati ya Kimara, Kivukoni, Gerezani na Morocco. Pata tiketi au kadi kituoni, kamwe si kwa mtu aliyesimama nje ya lango. Kwenye daladala, uliza nauli kabla ya kukaa, na usione haya: kuuliza si ujinga.

Kariakoo

Ni vigumu kurudi Didia bila zawadi, na zawadi zipo Kariakoo. Zunguka maduka matatu kabla ya kununua. Ukinunua simu, iwashe dukani, bonyeza *#06# na ulinganishe namba itakayoonekana na ile iliyo kwenye boksi. Omba waranti iliyoandikwa na kugongwa muhuri. Dai risiti ya EFD yenye kiasi kamili. Sheria inamtaka muuzaji aitoe na mnunuzi aidai.

Usitishwe na kibao cha "bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Kibao hakifuti wajibu wa muuzaji aliyeuza kitu kibovu au bandia. Lakini ili udai, lazima uthibitishe ulinunua wapi. Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Simu ya nyumbani

Hatari kubwa ya wiki hii huenda isikukute wewe, bali mama yako aliyebaki Didia. Anajua mwanawe yuko ugenini. Siku ya tano anapokea ujumbe: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Moyo wa mzazi hauulizi mara mbili, naye anatuma.

Kabla ya kuondoka, wekeni sharti moja: hakuna fedha itakayotumwa bila kusikia sauti yako kwenye namba yako ya siku zote. Mwelekeze pia kutuma ujumbe wa kitapeli, pamoja na namba iliyoutuma, kwenda 15040 bila malipo. Piga *106# kuhakiki namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Namba ya siri usimpe yeyote, hata anayejiita mtoa huduma.

Kurudi

Tangu Julai 2024 treni ya umeme hufika Dodoma, na kutoka hapo utaunganisha kwa basi. Jumlisha nauli zote mbili kabla ya kuamua. Nunua tiketi kwa Shirika la Reli kwa jina lako mwenyewe. Ya mlanguzi inaweza kukuacha getini.

Ukidhulumiwa

Anza kwa mtoa huduma mwenyewe: eleza tatizo, taja unachodai, tunza ushahidi. Asipokusikiliza, malalamiko ya basi, daladala na treni yapeleke LATRA. Ya simu, Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA). Ya bidhaa bandia au udanganyifu wa kibiashara, Tume ya Ushindani (FCC). Wizi na vitisho ni kazi ya polisi. Andika tarehe, saa, mahali, kiasi na namba ya gari au duka, na uambatishe nakala ya risiti.

Kwa hiyo, tenga mfuko mmoja mdogo wa begi lako kwa ajili ya karatasi hizo. Utarudi Didia ukiwa na simulizi za bahari na pantoni. Ukiwa na risiti zako pia, hata kilichoharibika njiani kitakuwa na mahali pa kudaiwa.