Nusu siku kilindini: dakika zinazoamua kama samaki ataishi

Naomba nianze na kosa langu. Siku moja nilipanda boti ya kukodi pale Nungwi, kaskazini mwa Unguja, kwa safari ya nusu siku ya kuvua maji makuu. Rafiki yangu alikuwa na wageni wawili, nafasi ikabaki, nikaitwa. Kwenye saa mbili na nusu asubuhi mgeni mmoja akanasa sulisuli. Wakavutana kama dakika ishirini. Tulikuwa tumekubaliana tangu ufukweni kwamba sulisuli ataachiwa, kwa hiyo mpango ulikuwa rahisi: picha, kisha arudi baharini. Mimi ndiye niliyeshika simu. Nikasema, "Ngoja kidogo, jua limekaa vibaya, moja nyingine." Halafu nyingine tena.

Tulipomrudisha majini hakuogelea. Alilala ubavu akazama taratibu, tumbo lake jeupe likionekana mpaka likapotea.

Nahodha hakugomba. Alisema tu, "Mwanangu, yule bora tungemla."

Maneno hayo yalinikaa, maana mimi nasomea mambo ya bahari na nilipaswa kujua. Kwa hiyo leo tuifuate safari ile tangu ng'oa nanga hadi kurudi, tuone sayansi yake, na mwisho tujibu swali la nahodha: ni samaki gani wa kuachia na ni yupi wa kula?

Kwa nini nusu siku inatosha

Safari ya nusu siku huwa masaa manne au matano hivi. Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi, tukatakiwa kurudi kabla ya saa sita. Kwa muda huo huwezi kwenda mbali, kwa hiyo safari ya namna hii inawezekana tu pale ambapo kilindi kiko karibu na nyumbani.

Nungwi ina bahati hiyo. Mkondo wa bahari kati ya Unguja na bara ni wa kina kifupi, sehemu kubwa haifiki mita 50. Kati ya Pemba na bara ni habari nyingine kabisa: sakafu inashuka mamia ya mita, na kuna sehemu zinazokaribia mita 800. Ndiyo maana yapata miaka 20,000 iliyopita, barafu ilipokuwa imefunga maji mengi ya dunia na usawa wa bahari ukiwa chini kwa mita 120 hivi kuliko leo, Unguja ilikuwa imeungana na bara. Mtu angeweza kutembea kwa miguu! Pemba ilibaki kisiwa.

Nungwi iko mwishoni mwa jukwaa la kina kifupi, jirani na mwanzo wa kilindi. Na hapo katikati, kati ya Unguja na Pemba, kuna fungu lililozama linaloitwa Leven Bank. Ni kama mlima ulioinuka kutoka vilindini bila kutoa kichwa nje. Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki hukimbia kuelekea kaskazini mwaka mzima. Upepo wa kusi huuongezea kasi, wa kaskazi huupunguza. Maji hayo yakigonga mlima huo hupanda na kuzunguka, yakileta juu virutubisho vya chini. Viumbe vidogo hukusanyika, dagaa huwafuata, na jodari, nguru, kolekole na sulisuli huwafuata dagaa. Kwa boti ya mashine tulifika chini ya saa moja.

Kurambaza, na macho ya nahodha

Pale hatukutia nanga. Tulirambaza, yaani mishipi ilikokotwa nyuma huku boti inatembea, chambo kikirukaruka kama samaki anayekimbia. Mwendo ni wa taratibu, kama kilomita 12 kwa saa.

Nahodha hakuangalia sana mashine ya kupimia kina. Aliangalia shakwe. Ndege wakizama kwa fujo mahali pamoja, maana yake jodari wako chini wanawasukuma dagaa juu. Aliangalia pia mstari ambapo rangi ya maji inabadilika, kwa sababu pale mikondo miwili inapokutana takataka na chakula hukusanyika. Hayo yote yamo kwenye vitabu vyetu vya darasani, ila yeye aliyajua kabla ya vitabu.

Ngoja nitoe uongo mmoja njiani. Mtandaoni utasoma kwamba sulisuli anaogelea kilomita 110 kwa saa. Watafiti waliopima jinsi misuli yake inavyojikunja walipata kikomo cha kama kilomita 30 kwa saa. Bado ni mwendo mkali sana ndani ya maji, na ni wa mfyatuko, hadumu nao. Hili la mfyatuko ndilo linalotupeleka kwenye kile kilichomuua samaki wetu.

Dakika ishirini za kuvutana

Samaki wana misuli ya aina mbili kuu. Ile myekundu hutumia oksijeni na ni ya safari ndefu. Ile myeupe ni ya mbio za ghafla, na huweza kufanya kazi bila kusubiri oksijeni, ila hulipa gharama: akiba ya nguvu huisha haraka na asidi hujilimbikiza kwenye misuli na damu. Ukikimbia mita mia nne kwa nguvu zote utaijua hali hiyo. Tofauti ni kwamba wewe ukimaliza unainama, unahema, unapona.

Sulisuli naye anahitaji kuhema, lakini namna yake ya kuhema ni ya pekee. Samaki kama chewa anaweza kutulia mahali pamoja akasukuma maji kwenye matamvua yake kwa kufungua na kufunga mdomo. Sulisuli na jodari wao hutegemea mwendo: wanaogelea mdomo ukiwa wazi kidogo na maji yanapita yenyewe. Wakisimama, hewa inakatika. Na maji ya joto kama yetu hubeba oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi.

Sasa mchukue samaki huyo aliyechoka, ambaye damu yake imejaa asidi, mtoe nje ya maji. Hewa ina oksijeni nyingi mara 30 hivi kuliko maji ya ujazo uleule, kwa hiyo ungedhani atapata nafuu. Haiwi hivyo. Matamvua ni nyuzi laini sana zinazoelea majini kama kurasa za kitabu kilicholowa. Nje ya maji zinaanguka na kugandana, na eneo la kupokea oksijeni karibu lote linapotea. Wakati tunatabasamu kwenye kamera, yeye alikuwa anakabwa.

Sekunde 60

Kuna jaribio la mwaka 1992, lililofanywa Kanada na Ferguson na Tufts, ambalo linaonyesha jambo hili wazi. Waliwachosha samaki aina ya trauti kwa kuwafukuza ndani ya maji, kisha wakawaangalia kwa masaa 12. Waliochoshwa bila kutolewa nje ya maji, asilimia 88 waliishi. Waliochoshwa kisha wakakaa hewani sekunde 30, waliishi asilimia 62. Waliokaa hewani sekunde 60, waliishi asilimia 28 tu.

Trauti ni samaki wa maji baridi, mdogo, si sulisuli. Huwezi kuzihamisha asilimia hizo kama zilivyo mpaka Nungwi. Lakini mwelekeo wake unaeleweka: uchovu peke yake wengi waliuvumilia, ila uchovu ukifuatiwa na dakika moja ya hewa uliwamaliza wengi.  Na zingatia, samaki anaweza kufa baadaye, mahali ambapo mvuvi hamwoni. Kwa hiyo ile furaha ya "ameondoka mzima!" haithibitishi kitu.

Picha zangu tatu, nilipoangalia muda kwenye simu, zilichukua zaidi ya dakika moja na nusu.

Changu anayeelea

Baada ya tukio lile boti ilikwenda pembeni ya mwamba, tukashusha mishipi chini kwa saa ya mwisho. Hapo tukapata changu na chewa wadogo. Mgeni mwingine, kwa huruma, akamtupa chewa mdogo majini. Akaelea juu, macho yametoka, tumbo limetokeza mdomoni. Shakwe wakaja.

Hapa kilichoua si uchovu, ni mgandamizo. Kila mita 10 unazoshuka baharini zinaongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Kwenye mita 40 mgandamizo ni mara tano ya juu. Samaki wengi wa mwambani wana kibofu cha hewa kinachowasaidia kukaa kina kimoja bila kuhangaika. Ukimvuta haraka, hewa hiyo inatanuka: iliyokuwa lita moja inataka kuwa lita tano. Kibofu kinapasuka au kinasukuma utumbo nje, na samaki hawezi kuzama tena.

Yaani yule mdogo uliyemwonea huruma, kumtupa juu ya maji ni kumwua bila faida kwa mtu yeyote. Wapo wanaotumia kamba yenye uzito kumshusha hadi chini alikotoka, na hapo hewa inarudi udogo wake. Kama huna kifaa hicho, njia ya kweli ya kumhurumia ni kuacha kuvua mahali hapo unapoona wanapanda wadogo watupu.

Basi nani aliwe?

Nguru. Hana kibofu cha hewa, nyama yake ni tamu, na Unguja nzima anajulikana jikoni. Jodari wadogo na faulusi pia. Hawa ukishawapata, saa nyingine inaanza kuhesabu. Nguru na jodari wakiachwa juani, bakteria hugeuza kitu kilichomo kwenye nyama yao kuwa histamini. Mlaji anawashwa, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, na kupika hakuiondoi sumu hiyo. Barafu iwe ndani ya boti kabla ya ndoana ya kwanza kushuka, isitafutwe baadaye.

Na sulisuli? Tuwe wakweli. Kwa familia nyingi za pwani ni kitoweo na ni pesa, na mtu anayemvua ili ale hana haja ya kuhubiriwa na mtalii au mwanafunzi kama mimi. Kwa upande mwingine, jamaa zake wa ukoo wa nduwaro wana hali ngumu. Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi inamhesabu nduwaro mwenye milia kuwa amevuliwa kupita kiasi. Kwa hiyo kuachia kuna maana, kwa sharti kwamba anayeachiwa anaishi. Tulichofanya sisi hakikumlisha mtu wala hakikumwokoa samaki.

Ukipata nafasi ya kupanda

Yazungumze haya na nahodha ufukweni, kabla ya kulipa:

Ulizia ndoana za duara. Ncha yake imeinama ndani, kwa hiyo hushika pembe ya mdomo badala ya kuzama kooni. Marekani ilizifanya lazima mwaka 2008 kwenye mashindano ya kuvua sulisuli na nduwaro upande wa Atlantiki, pale chambo halisi kinapotumika.

Tumia mshipi imara na umalize mapema. Kuvuta kwa mshipi mwembamba ili mchezo urefuke ni kumchosha samaki kwa starehe yako.

Wa kuachiwa asipandishwe. Ashikwe ubavuni mwa boti, kichwa ndani ya maji, na boti itembee polepole mbele ili maji yapite kwenye matamvua. Akianza kupiga mkia mwenyewe, mwachie. Picha ipigwe akiwa majini hapo hapo.

Akivuja damu matamvuani, au ndoana imezama kooni, mpango unabadilika. Huyo ni wa barafu, na nyama igawiwe mabaharia.

Miezi kadhaa baadaye nilirudi Nungwi kwa shughuli nyingine, nikamkuta yule nahodha kivulini anatengeneza mishipi. Nikamwamkia, nikamweleza habari za trauti na sekunde 60. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema wao huwa wanawaambia wageni wasimpandishe samaki, ila mgeni amelipa, na anataka picha, utamkataliaje?

Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia tu kwamba siku ile mgeni hakudai picha ya pili wala ya tatu. Nilizidai mimi.