Wasomi wa Anga (Sehemu ya Tatu): Darubini Inayowafuata Watu

Wiki iliyopita tulieleza habari za Uhuru, setilaiti iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, siku Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru wake. Ilikuwa ya kwanza duniani kuundwa mahususi kuchunguza eksirei za angani, na vipimo vyake vilisaidia wataalamu kushuku kwamba Cygnus X-1 ni shimo jeusi. Elimu hiyo ilirukia pwani yetu, ila matunda yake yalisomwa na wataalamu kwenye majarida yao, mbali na madarasa ya Changamwe.

Pengo hilo ndilo analoliziba Susan Murabana. Alipata shahada ya uzamili ya astronomia katika Chuo Kikuu cha James Cook, Australia, akisoma kwa mbali. Mwaka 2014, yeye na mumewe, Chu Owen, walianzisha The Travelling Telescope. Hupeleka shuleni darubini pamoja na hema la kujazwa upepo, ambalo ndani yake anga nzima huonyeshwa darini. Mtoto kwanza huiona Zohali na pete zake kwa jicho lake mwenyewe. Maswali huja yenyewe, na hapo mwalimu ana wa kumfundisha.

Sisi wa bara ya Mombasa tutalalamika kwamba taa za bandari ya Kipevu zimetuficha nyota. Ni kweli kwa zile hafifu, lakini Mushtari haifichiki. Chukua darubini ya kawaida ya macho mawili, iegemeze ukutani isitikisike, utaona vinukta vilivyojipanga ubavuni mwake. Hiyo ndiyo miezi minne aliyoiona Galileo mwaka 1610. Tazama tena kesho yake: imehama.

Asiye na darubini ana jua. Mombasa iko takriban nyuzi 4 kusini ya ikweta, hivyo jua hutupitia utosini mara mbili kwa mwaka, Machi na Oktoba. Kwenye tarehe 3 au 4 Oktoba, yapata saa sita na dakika kumi mchana, mti uliosimikwa wima hauna kivuli.

Walimu wa Likoni na Kisauni, siku hiyo watoeni wanafunzi uani na fimbo na kamba yenye timazi. Waacheni wapime kwanza, ndipo muwaeleze.