Gharama Isiyoandikwa ya Chungu cha Maharage

Bei za vyakula zikipanda Marekani, sifa za mapishi ya zamani hupanda nazo. Watu hukumbushwa maharage yaliyochemshwa na mfupa wa nguruwe, mkate wa mahindi, nyama ya kusaga iliyokandwa pamoja na mkate mkavu ili itoshe watu wengi, na ile keki isiyo na yai, maziwa wala siagi, inayoumuka kwa siki na magadi soda. Ni vyakula vitamu, na waliovibuni wanastahili heshima ya mafundi. Lakini mara nyingi sifa hizo hubeba shutuma ndani yake: kwamba maskini wa leo angeacha vyakula vya pakiti akapika kama bibi yake, mshahara mdogo ungemtosha. Hapo ndipo ninapopinga. Sehemu kubwa ya gharama ya mapishi yale ililipwa nje ya duka, na waliolipa ni wanawake, kwa saa zao na kwa mikono yao.

Tuanze na maharage ya Boston. Yalilowekwa usiku kucha, yakachanganywa na molasi na nyama ya nguruwe ya chumvi, kisha yakashinda tanurini. Maharage yenyewe yalikuwa ya senti chache. Kuni, tanuri na mtu wa kukaa karibu nalo havikuandikwa kwenye hesabu yoyote. Lydia Maria Child, ambaye kitabu chake cha kumfunza mama wa nyumbani kubana matumizi kilitoka mwaka 1829, aliliona hilo mapema, akasisitiza kwamba kuokoa muda ni sehemu ya ubanaji sawa na kuokoa vitu. Karne moja baadaye, familia ya shambani iliyosifiwa kwa kula vizuri bila pesa ilikuwa na bustani, kuku na pengine ng'ombe wa maziwa, na kila kiangazi mama alisindika nyanya na matunda kwenye chupa ili vifike majira ya baridi. Katikati ya miaka ya 1930 ni takriban shamba moja tu kati ya kumi lililokuwa na umeme, kwa hiyo kazi hiyo ilifanyika kwa maji ya kuteka na moto wa kuni. Wala ujuzi wake haukuota wenyewe. Sheria ya Smith-Lever ya mwaka 1914 iligharamia mabwana na mabibi shamba waliofundisha usindikaji na upishi vijijini, na kuanzia 1926 Wizara ya Kilimo ilirusha mafunzo ya jikoni redioni kupitia mhusika wa kubuni aliyeitwa Aunt Sammy.

Pale ambapo bustani na ng'ombe havikuwepo, ubanaji uleule uliua. Katika majimbo ya Kusini, wakulima waliolima pamba kwenye ardhi ya watu kwa kugawana mavuno, pamoja na vibarua wa viwanda vya nguo, waliishi kwa unga wa mahindi, molasi na mafuta ya nguruwe. Wengi walipata pelagra: ngozi hubabuka, tumbo huharisha, akili huchanganyikiwa, na mwisho wake ni kifo. Madaktari wengi waliamini ni ugonjwa wa kuambukiza, hadi serikali ilipomtuma Daktari Joseph Goldberger mwaka 1914 naye akaonyesha kwamba chanzo ni chakula. Yeye na mchumi Edgar Sydenstricker walichunguza familia za vijiji vya viwanda huko South Carolina, wakakuta kwamba kadiri kipato kilivyoshuka ndivyo ugonjwa ulivyozidi. Mwaka 1937 ikajulikana kuwa kinachokosekana ni vitamini iitwayo niasini. Mahindi yanayo, ila mwili hauwezi kuipata vizuri mpaka yachemshwe kwa maji ya chokaa au majivu, kama walivyofanya wenyeji wa Amerika tangu zamani. Walowezi walichukua zao, wengi wao wakauacha ufundi. Msomaji anayekula ugali kwa kunde, dagaa au maziwa ataelewa upesi: hatari ilikuwa kukosa cha kuulia huo unga, na pamba ilikuwa imepandwa hadi karibu na mlango wa nyumba.

Itasemwa kwamba wakati wa Mdororo Mkuu wa Uchumi watu walionyesha inawezekana. Tarehe 21 Machi 1933, wakati takriban mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na kazi, Eleanor Roosevelt, mke wa rais, aliandaa Ikulu chakula cha mchana cha senti 7 na nusu kwa mtu: mayai ya kujazwa pamoja na mchuzi wa nyanya, viazi vya kuponda na pudini ya plamu kavu, kwa mpango wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cornell. Nia yake ilikuwa njema kabisa. Ila hesabu ile ilihusu vilivyonunuliwa sokoni tu. Mpishi wa Ikulu alilipwa kwa fungu lingine.

Hesabu ya namna hiyo ndiyo iliyoingia serikalini ikakaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Mollie Orshansky wa Idara ya Hifadhi ya Jamii alichukua mpango wa chakula wa bei ya chini kabisa wa Wizara ya Kilimo akauzidisha mara 3, kwa kuwa familia za wakati huo zilitumia karibu theluthi moja ya kipato kwa chakula. Kutoka hapo ukapatikana mstari rasmi wa umaskini. Mpango huo wizara yenyewe iliuandaa kwa matumizi ya muda au ya dharura, na ulihitaji mtu mwenye nafasi na ustadi wa kupika karibu kila kitu nyumbani.

Liko pingamizi zito zaidi: maharage bado ni rahisi, na soda na chipsi za pakiti zinadhuru. Nakubali yote mawili, na ningependa upishi urudi shuleni. Lakini makaroni za jibini za pakiti za Kraft zilipoingia sokoni mwaka 1937, kwa senti 19 za kulisha watu wanne, zilinunuliwa kwa wingi katikati ya dhiki ileile. Hata kizazi kinachosifiwa kilinunua muda kilipouona unauzwa kwa bei yake. Mama anayefanya kazi mbili leo hana haja ya kuomba radhi wala kuhubiriwa kwa kufanya hivyo. Mwaka 2021 Wizara ya Kilimo iliupitia upya mpango wake wa chakula cha bei nafuu, na posho ya chakula ambayo serikali huwapa wenye kipato kidogo kwa kufuata mpango huo ikapanda kwa takriban asilimia 21. Kanuni moja haikuguswa: kwa posho hiyo mtu anaweza kununua kuku mbichi, lakini kwa kawaida haruhusiwi kununua kuku aliyeokwa, akiwa bado wa moto, katika duka lilelile.